Uliitaka Kazi au Ulilitaka Jina? Hotuba kwa Waliokataliwa na Kampuni Kubwa za Ushauri

Kwa wale ambao hamkuweza kufika, hii hapa hotuba nzima kama nilivyoisema. Slaidi nimeziacha.

Habari zenu jamani. Asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi nyie mliokuja huku roho bado inauma, maana najua wapo humu ndani waliopata majibu wiki hii hii.

Naomba niulize. Wangapi hapa wameshapokea ile barua pepe? Ile inayoanza kwa kukushukuru kwa muda wako, inakusifia kidogo, halafu inakwambia hawataendelea na wewe? Nyoosheni mikono, msione aibu. Haya, angalieni pembeni yenu, angalieni na nyuma. Mnaona? Shusheni. Kila mtu alidhani ni yeye peke yake.

Mi nimekaa upande wa pili wa ile meza. Nimefanya kazi ya ushauri, ile ya kuzishauri kampuni nyingine kuhusu biashara zao, nimewahoji vijana wengi, na nimekuwa kwenye vile vikao vya jioni ambapo mnaamua nani apite nani asipite, mmechoka, na mna nafasi chache kuliko watu wazuri mliowaona siku hiyo. Kwa hiyo leo sijaja kuwafariji, wa kuwafariji mnao nyumbani. Nimekuja kuongea kuhusu kesho unafanya nini.

Swali la kwanza nataka kila mtu ajiulize. Ulikatwa wapi? Nasema tena, ulikatwa wapi? Maana watu wanasema tu "nimekataliwa na McKinsey" au "BCG wamenikataa" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe mmoja CV yake haikupita hata mlangoni, mwingine ametolewa na ule mchezo wa McKinsey wa kwenye kompyuta wanaouita Solve, mwingine ameanguka kwenye keisi ya raundi ya kwanza, lile tatizo la biashara wanalokupa ulitatue mbele yao, na mwingine amefika mpaka mwisho kabisa akaongea na mapatna wenyewe, wale wakubwa wenye hisa kwenye kampuni. Hao watu wanne wamekataliwa na kampuni zilezile lakini hawana tatizo moja, na kama hawana tatizo moja basi hatua yao inayofuata haiwezi kuwa moja. Si ndiyo?

Kuna kijana mmoja alikuja kwangu, kila msimu anaomba na kila msimu CV haipiti. Na kila ikigoma anarudi kufanya mazoezi ya keisi kwa nguvu zaidi. Ana kikundi chake cha mazoezi, ana ubao, ana saa ya kupimia muda, keisi anazijua kuliko hata sisi tuliokuwa tunaziuliza. Nikamwambia hebu nipe CV. Nikasoma. "Nilihusika na usimamizi wa stoo." "Nilisaidia kuboresha mchakato." Nikamuuliza, hapa kwenye stoo ulifanya nini hasa? Akaanza kunielezea, kumbe alikuwa stoo ya dawa ya hospitali, alikuta makopo yanaharibika kwa kupita muda huku wodini dawa zilezile zinakosekana, akabadilisha utaratibu wa kuagiza, akawa kila wiki anapita rafu kwa rafu na daftari, akagundua wodi mbili zinaagiza mara mbili kitu kimoja kwa sababu fomu zao zinaenda kwa watu wawili tofauti. Nikamwambia mdogo wangu, haya yote yapo wapi kwenye hii karatasi? Kimya. Mtu anayesoma CV yako ana rundo mbele yake, anakupa dakika moja, pengine hata haifiki, na wewe dakika hiyo umeitumia kumwambia "nilihusika".

Yaani yule kijana alikuwa anatibu ugonjwa asiokuwa nao. Kama unakatwa kwenye CV, keisi elfu moja hazikusaidii. Kinachokusaidia ni kuandika ulichofanya na kilichobadilika, kwa namba, na kutafuta mtu wa ndani anayekufahamu akupendekeze, na wengine ukweli ni kwamba inabidi kwanza mpate kazi itakayoifanya hiyo CV iwe na kitu cha kusoma.

Sasa wewe uliyeanguka kwenye keisi. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndo sehemu wengi hawaelewi kilichotokea. Chukueni hii. Mteja ana kiwanda, faida imeshuka kutoka milioni 120 mpaka milioni 90 kwa mwaka, anataka kujua kwa nini. Kijana anaomba dakika moja afikirie, sawa, anachora maboksi. Mapato. Gharama. Soko. Washindani. Wateja. Anageuza karatasi ananionesha, anaanza kusoma boksi baada ya boksi, kwa sauti nzuri, anajiamini. Na mimi mbele yangu nina karatasi imeandikwa kwamba mauzo hayajabadilika hata kidogo, namsubiri aniulize. Haulizi. Dakika tano zinapita yuko kwenye boksi la washindani. Ningembadilishia keisi hapo hapo ikawa ya shirika la ndege yale maboksi yangebaki vilevile.

Anaingia mwenzake. Anasikiliza, anauliza, "Mauzo yenyewe yamebadilika?" Namwambia hapana, yako palepale. Anasema, "Basi gharama zimepanda kwa milioni 30, hebu tutafute ni gharama ipi." Basi. Huyo tayari tunafanya kazi. Baadaye akakosea hesabu akaweka sifuri moja zaidi, akaangalia jibu, akasema mwenyewe "hii haiwezekani, inazidi mauzo yote ya kampuni," akarudi akarekebisha. Mnadhani tulimkata kwa ile sifuri? Kule kurudi kwake ndo tulikoandika kwenye fomu yake.

Kwa hiyo ukiambiwa kwamba hukuwa na mpangilio mzuri wa fikra usikimbilie kukariri fremuweki nyingine, ile mipangilio ya maboksi iliyotengenezwa tayari. Mara nyingi shida ni kwamba ulikuwa unaonesha unachojua badala ya kutafuta jibu. Na hiyo inatibika, tena inatibika vizuri zaidi kazini kuliko kwenye kikundi cha mazoezi, kwa sababu kazini tatizo ni la kweli na usipouliza swali sahihi kitu kinaharibika kweli.

Na wewe uliyefika raundi ya mwisho. Sikiliza vizuri. Kwa niliyoyaona mimi, watu wanaofika pale wengi wangeiweza kazi. Wengi sana. Pale kinachoamua ni vitu vidogo na vingine si vyako kabisa, ofisi inahitaji wangapi mwaka huo, patna gani alikuwepo siku hiyo, kuna miradi au hakuna. Kumbukeni mwaka 2023. Bain, nayo ni moja ya zile tatu kubwa pamoja na McKinsey na BCG, na McKinsey yenyewe walifika mahali wanawaambia watu ambao wameshapewa ofa, wameshasaini, wasubiri kwanza kuanza kazi, na McKinsey hiyohiyo iliripotiwa kupunguza wafanyakazi kama 1,400. Sasa mtu aliyekataliwa kwenye msimu wa namna hiyo akikaa chini kujilaumu kwamba yeye hana akili, anajilaumu kwa lipi?

Lakini nisieleweke vibaya. Usitupie kila kitu kwenye soko. Ukikataliwa na kampuni moja raundi ya mwisho, inaweza kuwa bahati. Ukikataliwa na kampuni nne, zote kwenye hatua ileile, hapo kuna kitu na kazi yako ni kukijua.

Haya. Tuje kwenye lile lililonileta hasa. Uliitaka kazi, au ulilitaka jina?

Msinijibu haraka. Mkijibu haraka wote mtasema kazi.

Haya majina tunayoyalilia ni kampuni tu jamani, zina umri na zina mwanzo. McKinsey ilianzishwa Chicago mwaka 1926 na profesa wa uhasibu. BCG ilianza mwaka 1963, Bruce Henderson yuko peke yake kama kitengo cha ushauri ndani ya benki moja pale Boston, na mwezi wake wa kwanza kazini kiliingiza dola 500. Dola mia tano. Miaka kumi baadaye, 1973, Bill Bain akatoka hapo hapo BCG na wenzake wakaenda kufungua ya kwao. Halafu kulikuwa na kampuni inaitwa Monitor, imeanzishwa 1983 na watu wa Harvard akiwemo Michael Porter mwenyewe, mtu ambaye nusu ya fremuweki mnazokariri ni zake, na vijana wa wakati ule waliililia Monitor kama nyie mnavyolilia hizi tatu. Mwaka 2012 Monitor ikaomba ulinzi wa kufilisika, Deloitte wakainunua. Booz & Company nayo ikanunuliwa na PwC mwaka 2014, jina likabadilishwa ikawa Strategy&. Aliyekuwa ameingia Booz kwa ajili ya jina, jina liliondoka akalishuhudia. Aliyeingia kwa ajili ya kazi alibaki na anachokijua kichwani.

Sisemi jina halina faida. Lina faida, tena kubwa, linafungua milango, na anayekwambia halina maana huenda hajawahi kutafuta kazi bila jina. Nachosema ni kwamba jina ni kitu kimoja kati ya vitu ulivyokuwa unavitafuta, na ukichanganya vyote kwenye fungu moja, basi siku umekosa jina unajiona umekosa vyote.

Kuna dada mmoja namheshimu sana, alikataliwa raundi ya mwisho na kampuni mbili mwezi mmoja. Alikaa na karatasi akaandika alichokuwa anakitaka kule. Matatizo yanayobadilika asichoke. Kukaa chumba kimoja na watu wanaoamua. Kujifunza kuandika na kuongea mpaka mtu mzima mwenye shughuli zake asimame amsikilize. Hela, kwa sababu ana wadogo zake wanamtegemea. Na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo pembeni ya karatasi, akaandika kwamba watu wakimuuliza unafanya kazi wapi, anyooke mgongo wakati anajibu. Nilipenda kwamba hiyo nayo aliiandika. Wengi hatuiandiki.

Sasa mkononi alikuwa na ofa mbili. Moja kutoka moja ya zile kampuni kubwa nne za ukaguzi na ushauri, jina zito, lakini alipouliza vizuri timu aliyopangiwa inafunga mifumo ya kompyuta kwa wateja, na yeye mwaka wa kwanza angekuwa anajaribu fomu kwenye skrini kama zinafunguka. Ni kazi halali, kuna watu wanaipenda, yeye haikuwa kwenye karatasi yake. Ya pili, kampuni ya bima, kitengo cha mikakati, watu wachache, hakuna mtu mtaani anayekijua. Kabla hajakubali alimuuliza bosi mtarajiwa swali moja ambalo naomba mlichukue muende nalo: "Mwaka jana timu yenu ilipendekeza nini, na kikafanyika?"

Liandikeni hilo swali. Maana vitengo vya mikakati viko vya aina mbili, kuna vinavyoamua mambo na kuna vinavyomtengenezea mkurugenzi slaidi za kikao cha bodi, na ukiingia hivyo vya pili miaka miwili inapita hujagusa kitu. Bosi akianza kuzungukazunguka, shukuru, ondoka. Yule bosi wa bima hakuzunguka, alimweleza bidhaa waliyoifuta, nani alipinga, wateja wangapi walilalamika na walifanyaje. Dada akachukua ile ya bima.

Wiki zake za mwanzo alichukua faili moja la madai, la kweli, akalifuata kwa miguu. Kutoka mapokezi, kwenda kwa anayekagua, likakaa siku tatu juu ya kabati kwa sababu anayesaini yuko safari, likarudi kwa sababu limekosa nakala ya kitambulisho ambayo ilikuwepo, imebanwa nyuma ya karatasi nyingine. Aliandika kila kituo na kila saa. Alipopeleka ile karatasi kwa wakurugenzi hakuhitaji fremuweki. Sa hivi yeye ndo anaongoza kitengo cha madai, kina watu wake na bajeti yake, na nikimuangalia, vile vitu vyake vitano vyote anavyo, ila kile cha herufi ndogo kilichelewa kidogo.

Kwa hiyo ukishajua ulichokuwa unakitaka, milango inaongezeka. Kama ni kazi ya ushauri yenyewe ndo unaipenda, kampuni haziishii tatu. Kuna Oliver Wyman, kuna Kearney, kuna Roland Berger, kuna L.E.K., kuna vitengo vya mikakati ndani ya zile nne kubwa, na kuna kampuni ndogo zinazojua sekta moja tu, afya au nishati, ambako kijana anakutana na mteja mapema sana kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kumtuma. Mi binafsi hizi ndogo naona watu wanazidharau bila sababu. Kama ulichokuwa unataka ni kuendesha kitu kiwe chako, nenda kampuni changa au nenda kwenye uendeshaji, shika timu, shika ghala, shika bidhaa, ujue maana ya namba zikiwa mbaya na wa kuulizwa ni wewe. Na kama ni hela, sema hela, hakuna dhambi, halafu linganisha ofa kwa hela na uache kujidanganya na mengine.

Ndugu zangu, sasa kuna lile mnalolingojea wote. Niombe tena au nisiombe?

Omba. Kampuni nyingi zinakutaka usubiri kipindi fulani, mara nyingi mwaka mmoja mpaka miwili, inategemea kampuni na inategemea ulifika wapi, kwa hiyo muulize aliyekuwa anawasiliana na wewe usikisie. Lakini jiulize, utarudi na nini? Ukirudi ukiwa yuleyule na CV ileile, unategemea wao ndo wawe wamebadilika?

Nina vijana wawili nataka niwaambie habari zao. Wa kwanza alipokataliwa alikataa kila kazi, alisema akikubali kazi ya kawaida ataonekana amejishusha, akakaa nyumbani anafanya keisi asubuhi mpaka jioni akingojea dirisha la maombi lifunguliwe. Likafunguliwa. Akaitwa. Patna akamuuliza, tangu tulipoonana umekuwa ukifanya nini? Akajibu, nilikuwa najiandaa. Kwa hii. Mnaweza kuona kile chumba kilivyokuwa? Yule patna hakuwa mtu mbaya, ila kwenye ile intavyuu kuna nusu nzima wanauliza maisha yako, lini uliongoza watu, lini ulipingwa, lini mambo yalikwenda vibaya, na kijana hana hata moja jipya la kusema.

Wa pili alikwenda kampuni ya usafirishaji akawa msimamizi wa zamu za usiku. Madereva wanagoma saa nane za usiku, mizigo iko juu ya malori, yeye ndo mkubwa pale. Alikaa nao chini mpaka wakaelewana, akagundua ratiba ya zamu ndo chanzo, akaibadilisha. Dirisha lilipofunguka akaomba kupitia mlango wa wenye uzoefu. Akaitwa, akafika mbali kuliko mwanzo.

Akakataliwa tena.

Ndiyo, tena. Najua mlikuwa mnangoja niseme alipata. Hakupata. Lakini angalieni tofauti, wote wawili wamekataliwa mara ya pili, mmoja amerudi nyumbani kwenye kiti kilekile, mwingine kesho yake usiku ameingia zamu, ana watu wanaomsubiri, na miezi michache mbele akapewa kusimamia njia zote za kampuni. Kwa hiyo ukichagua kazi ya katikati, chagua ile ambayo hata wasipokuita tena bado utaitaka. Ukiichagua kwa ajili ya kupendeza kwenye CV yao tu, na wasipokuita, umebaki na nini?

MBA, ile shahada ya uzamili ya biashara, nayo ni hivyohivyo. Ni mlango wa kweli, zile kampuni zinaenda kuchukua watu moja kwa moja vyuoni. Lakini ni mkopo mkubwa na ni muda. Kama bila wao usingeisoma, usiisome kwa ajili yao.

Na jiwekee tarehe. Tarehe kabisa, kwenye kalenda. Ikifika hujapata, unaacha kuomba, unahesabu kwamba ile njia umeijaribu vya kutosha. Hasa nyie mnaotegemewa, kuna watu hawali matumaini yako. Nimeona watu wazuri, wenye akili kuliko mimi, miaka inakatika bado "wanasubiri msimu", na hilo linaniuma kuliko kukataliwa kwenyewe.

Haya ya kuwaambia wazazi na ya kuangalia LinkedIn za wenzenu siyasemei sana. Waambie wazazi ukweli mapema, sentensi mbili zinatosha. LinkedIn ifute kwenye simu wiki mbili. Na wiki hiyo ya kwanza usiamue kitu chochote kikubwa, usikubali ofa kwa hasira wala usiikatae kwa hasira.

Sasa toeni simu. Nipo serious, toeni. Aliyehojiwa na kukataliwa, mfungue yule mtu aliyekuwa anawasiliana na wewe, unamwandikia mistari minne. Asante kwa nafasi. Naomba kujua kama inawezekana tuongee dakika kumi. Ningependa kujua ni sehemu gani nilipungukiwa zaidi, kwenye keisi au kwenye maelezo yangu binafsi. Na lini naruhusiwa kuomba tena. Usijitetee, usimuulize kwa nini fulani amepata. Wengine hawatajibu, wengine watajibu kwa lugha ya jumla, ila atakayekubali kuongea na wewe atakupa kitu ambacho hapa hakuna anayeweza kukupa. Fanya wiki hii, sura yako ikiwa bado iko kichwani mwao. Na wewe ambaye CV yako ndo haikupita, wa kumwandikia ni huyo mtu wa ndani unayemfahamu, mtumie CV muulize angeiacha kwenye mstari gani.

Mimi nitakaa hapa mbele mpaka ukumbi ufungwe. Mwenye CV aje nayo, mwenye ofa mbili mkononi aje nazo, na yule dada kule nyuma uliyenyoosha mkono tangu nilipotaja MBA, tuanze na wewe.